Mabakuli Mawili ya Maharage

Safu ya Mama Mkunga

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Barua za mwezi huu ni nyingi, na tatu kati yake zinagusa jambo moja: damu, na nani aliyeileta. Nimezifupisha. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu imenikosesha usingizi.

*Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 27, ni mwalimu, kwetu ni Muleba. Nilihamia Dodoma kikazi mwaka 2019 na hapa ndipo nilipokutana na mchumba wangu, mtu wa Pangani, mtumishi wa wizara aliyekuja na wimbi la serikali kuhamia huku. Posa imepokelewa, nusu ya mahari imeshalipwa, harusi ni mwezi wa kumi na mbili. Mdogo wangu alifariki kwa sikoseli akiwa darasa la tatu, kwa hiyo niliona nipime kabla ya ndoa. Majibu yangu yametoka AS. Nikamwomba mwenzangu naye apime, naye ni AS. Mama analia, anataka nivunje uchumba. Mchumba wangu anasema kwao hajawahi kuona mgonjwa hata mmoja, na kwamba hatari ni robo tu, kwa hiyo tukizaa watatu tutakuwa salama. Nifanye nini? — Mwalimu wa Nzuguni*

Marahaba, Mwalimu wangu. Pole kwa mdogo wako. Mfikishie na mama yako pole yangu, maana nadhani najua anachokililia. Mtoto huwa SS, yaani mgonjwa wa sikoseli au selimundu, ugonjwa wa chembe za damu kujikunja mundu, pale tu baba na mama wote wawili wanapompa kinasaba cha S, ile alama ya kurithi inayouleta. Mwenye kimoja tu ni AS, mbebaji; asiye nacho ni AA. Kwa hiyo mama yako ni AS, na baba yako pia, na huenda walijua siku waliyoambiwa jina la ugonjwa wa mtoto wao. Anapokuambia uvunje, simdhanii kwamba anamchukia huyo kijana. Anakuona umekalia kigoda kilekile alichokikalia yeye.

Sasa hesabu ya mchumba wako. Robo ameisema sawasawa, ila ameitumia vibaya, na hayuko peke yake. Kwenye kabati la kliniki nilikuwa na mabakuli mawili ya bati, ya buluu, moja limebanduka rangi pembeni. Nilihama nayo kila kituo nilichopangiwa kwa miaka 31, kuanzia Kongwa mpaka hapa mjini Dodoma. Katika kila bakuli naweka punje mbili za maharage, moja nyeupe na moja nyekundu. Baba anafumba macho, anachomoa punje moja kwenye bakuli lake. Mama anachomoa moja kwenye lake. Tunazilaza pamoja mezani, na huyo ndiye mtoto. Nyeupe mbili ni AA. Nyeupe na nyekundu ni AS, mzima kama mlivyo ninyi. Nyekundu mbili ni SS, mgonjwa. Kisha punje zinarudishwa kwenye mabakuli, na hapo ndipo nilipokuwa nawaomba wanitazame usoni. Mimba ya pili inaanza na punje zilezile nne. Nyekundu haiishi kwa sababu imeshatoka mara moja, wala haingoji zamu.

Walikuja kwangu mume na mke kutoka Bahi, wakulima wa mpunga. Mtoto wao wa kwanza alikuwa mgonjwa, na yule baba alikuwa na imani kwamba sasa wameshalipa deni, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Nikawapa mabakuli. Nyekundu mbili. Wakarudisha, wakachomoa tena. Nyekundu mbili. Yule baba alizishika zile punje kiganjani kwa muda mrefu, akizigeuzageuza kwa kidole gumba, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni mimi niliyezipanga. Sikuzipanga. Ndivyo zinavyotoka.

Chukua kalamu, wewe ni mwalimu. Kila mimba ina robo tatu ya kumkwepa mgonjwa. Kwa watoto watatu unazidisha robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu, unapata 27 kwa 64. Maana yake, katika familia 64 za watoto watatu zenye wazazi kama ninyi, 27 ndizo zinazotarajiwa kupita bila mgonjwa, na 37 zitakuwa na mmoja au zaidi. Huo usalama anaousema mchumba wako ni mdogo kuliko hatari yenyewe. Mwandikie hesabu hii kwenye karatasi, aikague mwenyewe.

Na hilo la kwao kutokuwa na mgonjwa. Mbebaji wa AS kwa kawaida haumwi, anaweza kulima, kuzaa na kuzeeka bila dalili. Kinasaba kinaweza kushuka kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu kikiwa kimya, kikingoja tu kukutana na mwenzake. Tena kusema hatujawahi kuona ni tofauti na kusema hawakuwapo. Mama yangu mzazi alizaa tisa akazika watatu. Wawili kati yao walianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla ya kutimiza mwaka, vimenyooka kama vidole vya mtu mzima, mtoto anapiga yowe ukimgusa. Kijijini walisema wamechezewa. Nilikuja kuiona picha ya mikono ile darasani, chuo cha uuguzi, na nikatoka nje. Hakuna aliyewahi kuwaita wadogo zangu wagonjwa wa selimundu. Katika hadithi za ukoo wetu nao "hawajawahi kuonekana."

Nataka pia ujue kwa nini wewe wa Muleba na yeye wa Pangani mmekutana na kitu kimoja mkononi. Mwaka 1949 kijana mmoja Mwingereza aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye kinasaba hiki walizidi mtu mmoja katika kila watano, lakini ukipanda kwenye nyanda za juu zenye baridi walikuwa haba mno. Akajiuliza kwa nini kitu kinachoua watoto kiwe kimejaa hivyo mahali fulani na kiadimike mahali pengine. Mwaka 1954 alichapisha jibu: ni malaria. Mtoto wa AS akiumwa na mbu, vimelea havistawi vizuri ndani ya chembe zake za damu, hivyo malaria kali humuua mara chache kuliko mtoto wa AA. Palipo na mbu wengi, vizazi kwa vizazi, wabebaji walipona wakazaa. Huku kwetu kwenye ukame, mbu hawajawahi kuwa na nguvu ile ya ziwani na pwani.

Kwa hiyo hicho ulicho nacho, ewe Mwalimu, usikiite uchafu wala laana. Inawezekana kabisa bibi wa bibi yako alivuka utoto wake kwa sababu yake.

Lakini tazama kilichotokea katika mji wetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, na tangu 2016 serikali imehamia kweli. Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu, nyumba mpya zinaota kama uyoga, na ndani yake wamo watu wa Bukoba, Tanga, Mwanza, Mtwara, wanaoana. Nafurahi, na harusi zao nakula pilau. Ila zile kinga za zamani za kusema huku kwetu haupo hazifanyi kazi tena Dodoma, na wenyeji wa hapa tusijidanganye nao, wabebaji wanaweza kuwamo katika kabila lolote. Inakadiriwa kuwa nchini mwetu watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Tanzania imo katika nchi chache zinazoongoza duniani.

Kabla ya lolote, angalieni vizuri karatasi zenu za majibu. Kipo kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe zinajikunja mundu. Hicho husema "chanya" kwa AS na kwa SS vilevile, hakitofautishi. Kinachotofautisha ni elektroforesisi ya himoglobini au kipimo kingine cha aina hiyo. Nimeona mama aliyeambiwa mtoto wake ni mgonjwa, akauza mbuzi wote kutafuta dawa, kumbe mtoto ni mbebaji tu. Kituo sikitaji. Mbuzi hawakurudi.

Majibu yakithibitika, njia ziko hivi. Mnaweza kuachana, na si dhambi. Mnaweza kuoana msizae pamoja, mkalea watoto wengine. Ipo njia ya kutungisha mimba maabara na kupima kiinitete kabla hakijawekwa tumboni, lakini gharama yake ni kubwa na sitaki kukuuzia ndoto. Au mnaweza kuoana na kuzaa mkiwa macho: kila mtoto apimwe akiwa mchanga, na akiwa SS aanzishiwe penisilini mapema mpaka atimize miaka mitano, chanjo zote, kinga ya malaria, vidonge vya foliki, na haidroksiyurea ambayo imewapunguzia wengi maumivu na kuongezewa damu. Hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa imeshaanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa selimundu, na wapo waliopona. Ila uloto kwa kawaida unahitaji ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayelingana, na kila ndugu ana nafasi moja katika nne ya kulingana. Usizae ukitegemea hilo.

Ungekuwa binti yangu wa kumzaa ningekuambia usifunge ndoa mwezi wa kumi na mbili. Isogeze. Nendeni wote wawili kliniki ya selimundu siku ya wagonjwa, mkae benchi asubuhi nzima, mzungumze na akina mama walioko pale, mwone watoto wanaocheza na mwone anayelia. Mchumba wako amesema hajawahi kuona mgonjwa. Basi aone. Baada ya hapo uamuzi wenu, wa kuoana au wa kuachana, nitauheshimu, na nikialikwa nitakuja. Ukumbi unaweza kurudisha malipo nusu, na watu watasema wiki mbili wachoke.

*Mama Mkunga, mimi ni kundi A, mke wangu ni B, mtoto wetu wa pili ametoka O. Kaka yangu anasema huyo si wangu. Nimeacha kulala nyumbani. — Dereva, Kibaigwa*

Ndugu Dereva, rudi nyumbani leo. Kila mtu ana sehemu mbili za kundi la damu, moja ya baba na moja ya mama. Wewe wa A unaweza kuwa umebeba A na O, na mkeo wa B akawa amebeba B na O. Hizo O zenu mbili zimekutana kwa mtoto. Ni jambo la kawaida kabisa. Kama nyinyi wote mmebeba O, watoto wenu wanaweza kutoka A, B, AB au O, makundi yote manne ndani ya nyumba moja.

Kundi la damu wakati mwingine linaweza kuonyesha kwamba mtu hawezi kuwa baba wa mtoto fulani. Hapa halionyeshi hivyo hata kidogo. Ukitaka uhakika wa vinasaba, kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi yanayopitia njia za kisheria kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii, si kwa kumvizia mtoto na kijiti cha pamba. Lakini kwa haya uliyoniandikia, sioni cha kupimwa. Ninachokiona ni mwanamke uliyemwacha na watoto wawili kwa neno la kaka yako. Mwombe radhi, na kaka yako aje asikie ukiomba.

*Shikamoo Mama. Niko Chemba, nina miaka 29. Nimepoteza mimba tatu, zote kabla ya miezi mitatu. Kliniki walisema damu yangu ni O hasi. Mama mkwe aliposikia "hasi" akasema ndiyo sababu, damu yangu inakataa watoto wa ukoo wao, na kwetu tuna mkosi wa uzazi. Wameshamtafutia mume wangu mwanamke mwingine. Mume wangu hajapima chochote. Ananipenda lakini ananyamaza. — Mke wa Chemba*

Marahaba, mwanangu. Pole mara tatu, maana kila mimba ilikuwa na jina moyoni mwako hata kama hukulitamka.

Nianze na hilo neno "hasi." Halina maana ya ubaya. Maana yake chembe zako nyekundu hazina kitu fulani juu ya ngozi yake ambacho wengi wetu tunacho. Hali hiyo uliirithi kwa baba na kwa mama, na haina madhara mpaka ubebe mtoto aliye "chanya." Hapo, damu ya mtoto ikichanganyika na yako, hasa wakati wa kujifungua, mwili wako unaweza kujifunza kupigana nayo, na anayeumia mara nyingi ni mtoto wa mimba inayofuata, mimba ikiwa imeshakua. Hali hiyo si sababu ya kawaida ya mimba kutoka wiki ya nane au ya kumi. Lakini usiidharau: mwambie daktari apime kama mwili wako umeshatengeneza kinga hiyo, kila mimba inapotoka muulize kuhusu sindano ya kuzuia kinga hiyo isitengenezwe, na ukijifungua mtoto chanya sindano hiyo uipate ndani ya saa 72. Iandikwe kwenye kadi yako kwa wino mwekundu.

Sasa mimba zenyewe. Nifuate kidogo kwa mfano wa kanga. Kila binadamu ana kromosomu 46, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, yaani doti 23, kila doti upande mmoja kutoka kwa baba na mmoja kutoka kwa mama. Mtu anapotengeneza yai au mbegu ya kiume huchagua upande mmoja kutoka kila doti. Wakati mwingine mkono unateleza, upande mmoja unazidi au unasahaulika. Zaidi ya nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu hiyo. Ni ajali ya mara moja, haitokani na mzigo uliobeba wala ndoto uliyoota wala ukoo.

Inapotokea mara tatu tunatafuta zaidi. Katika kila wanandoa 100 wenye shida kama yenu, kati ya wawili na watano hukutwa mmoja wao ana kipande cha kanga moja kilichokatwa na kushonwa kwenye kanga ya doti nyingine. Yeye mwenyewe ni mzima, kwa sababu ndani ya sanduku lake hakuna kilichopotea. Tatizo ni anapogawa: mtoto anaweza kupewa ile iliyokatwa bila kupewa ile yenye kiraka. Mimba hiyo haifiki mbali. Na huyo mmoja anaweza kuwa mume sawa na mke.

Nilimsindikiza mama mmoja wa Mpwapwa aliyekuwa amepoteza mimba nne. Hospitali moja ilimpima yeye peke yake mara tatu, ikampa dawa mfululizo, haikumwita mumewe hata siku moja. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu tuliovaa sare nyeupe tuliunga mkono uongo wa mawifi bila kusema neno. Tulipopata daktari aliyesisitiza damu za wote wawili zipelekwe maabara kubwa, majibu yalirudi: aliyeshonewa kiraka alikuwa mume. Alikuwa mtu mrefu, mchunga ng'ombe, na alisimama pale koridoni akavua kofia. Kisha akamwambia mkewe, "Kumbe ni mimi." Mimba yao ya sita ilikaa. Kiraka hakifungi mlango, kwa sababu kila mimba ni kuchagua upya.

Vipo na vingine vya kutafuta, na vyenye tiba: kisukari, tezi ya shingo, umbo la kizazi kwa ultrasaundi, na ugonjwa wa kinga ya mwili unaogandisha damu kwenye kondo, ambao hupimwa mara mbili kwa kupishana wiki kumi na mbili na hutibiwa kwa aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini. Kaswende mpimwe nyote. Nakuonya mapema kwamba karibu nusu ya wanandoa hawakutwi na sababu yoyote. Wengi wao huja kupata mtoto, na umri wako ungali upande wako.

Hilo la kwenu kuwa na mkosi, liulize kwa vitendo. Mama yako alizaa wangapi? Dada zake je? Na upande wa mume, shangazi zake, waliozaa na waliopoteza? Kaa na wazee wa pande zote, andika kwenye daftari, ukoo kwa ukoo. Daktari atalihitaji daftari hilo, na mama mkwe akianza kuhesabu waliopotea upande wake, nadhani sauti yake itabadilika. Mjibu kwa upole, ni mzazi.

Mumeo mwonyeshe ukurasa huu. Baba Chemba, umesikia. Panda basi na mkeo mje hospitali ya rufaa mkiwa na daftari na kadi zote za kliniki, hata zile zilizochanika. Wakiuliza nani aanze kutolewa damu, kunja shati wewe.